Wino wa Kuumuka

Jumatatu, 3 Machi
Nimeosha fremu mbili za kuchapia fulana, nimekoroga wino. Ule mzito wa kuumuka, unaopanda kama andazi ukipata joto. Akina mama wa kwaya ya kanisa la Murungu wanataka fulana thelathini, jina la kwaya liinuke kifuani. Wataimba Jumapili. Wino huu aliumudu Adela, mke wangu. Mimi nilikuwa wa kuanika tu. Mwezi wa pili sasa yuko Kasulu kwa dada yake. Alisema amechoka kuishi na mtu asiyeongea.

Jumanne, 4 Machi
Fulana kumi. Herufi zimenenepa vizuri. Hakuna wa kumwonyesha. Mama Skola, mwalimu wa kwaya, amepita akachukua moja kuijaribu.

Jumatano, 5 Machi
Ameirudisha. Ameifua mara moja tu, herufi zinabanduka kama maganda. Hakugomba. Amesema kama siwezi niseme mapema, wavae vitenge vyao. Afadhali angegomba.
Nimekwangua kwa ukucha. Juu pakavu, chini wino unanata. Nikazidisha joto la pasi. Mbili zimeungua.
Naogopa. Kibondo ni mji mdogo, kazi mbaya haikawii kusikika.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nzima nimeshika simu. Saa tano nikapiga. Sikumsalimia sawasawa, nikaingia moja kwa moja kwenye wino. Adela akaniacha nimalize.
"Unapaka nene kwa mara moja, Baba Neema," akasema. "Juu panakauka, ndani bado pabichi. Paka safu nyembamba, ipate joto kidogo, ndiyo uongeze. Mwishoni usikandamize pasi. Ishikilie juu yake bila kugusa, usubiri."
Nikauliza nisubiri kiasi gani.
"Mpaka ndani pakauke. Wewe huwa hungoji."
Nikasema asante. Nilikuwa na mengine. Ningeanza hata na habari za binti yetu Neema huko shule ya bweni. Nikakata simu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwangua wino wa zamani, nimenunua mbili badala ya zilizoungua, nimezichapa zote thelathini safu kwa safu. Mgongo unauma. Moja nimeifua mara tatu, nimeisugua, nimeivuta. Imeshika. Nikacheka peke yangu, kisha nikaona aibu.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani Murungu. Nilikaa benchi la nyuma. Walipogeuka kuimba, jina lilisomeka mpaka kwangu.
Baada ya ibada Mama Skola alinishika mkono. "Umetuheshimisha, fundi. Msalimie Mama Neema."
Hajui kwamba Adela ameondoka. Nikasema salamu zitafika.
Nimerudi saa tisa. Nikapiga, nikazifikisha. Adela akashukuru. Basi nikamweleza barabara ilivyoharibika, mahindi yalivyobeba, mama mmoja aliyeimba amefumba macho muda wote. Nimeongea mpaka koo likakauka. Yeye alisikiliza tu.
Hakusema atarudi. Sikumuuliza.
Nimekula viazi vya jana, vya baridi. Mvua imeanza, nimeingiza fremu ndani.