Karatasi Ambayo Hukuniletea

Mzee wangu Magesa,

Nimekaa kwenye ngazi za nje ya chumba changu hapa Makoko. Ni Jumapili, watu wanarudi misani, mimi leo kanisani sikuingia. Nina hasira na wewe. Na bado nakulilia. Hayo mawili yamenikalia kifuani pamoja tangu Alhamisi, nashindwa hata kula.

Tangu presha ikuchukue na tukakuzika Butiama, ofisini kwetu upelelezi si kule tena. Kiti chako amekalia bosi mgeni, anafunga mlango kutwa nzima, ukimsalimia anaitikia kwa kidevu. Lile jalada la sumu feki ya pamba, lile ulilokuwaga unaliweka chini ya mengine yote ukisema halina kichwa wala miguu, nimepewa mimi.

Nikaenda Mugeta. Wakulima wakanitembeza mashambani, vitumba vya pamba vimetobolewa vyote. Wamepuliza mara tatu na funza wananenepa tu! Wakanipa chupa yenyewe. Lebo nzuri, rangi zake, muhuri wake. Nikaisoma kwa sauti, kama ulivyonifundisha, maana ulisema macho yanadanganywa lakini mdomo unajikwaa. "Tikisa kabra ya kupurizia. Weka mbari na watoto." Nikacheka, Mzee. Nilikukumbuka wewe, nikacheka mbele ya watu waliopoteza pamba yao yote.

Si ndivyo ulivyokuwa unaandika? Kila ripoti kwa mkono, halafu unaniita, "Neema binti yangu, hebu njoo uniwekee 'l' zangu." Maana kwenu kule kila 'l' inageuka 'r'. "Mharifu amekimbiria Bunda." Mimi nasahihisha, wewe unamenya karanga na kunitania kwamba 'l' zote za nchi hii nimezihodhi mimi. Jamani, tulikuwa tunacheka.

Siku ile ile nikamkamata mwenye duka aliyewauzia, mama mmoja anaitwa Nyangeta. Alilia, akaapa kwamba mzigo aliletewa na mtu wa serikali, mzee mpole, aliyemwambia auze bila wasiwasi. Nikamjibu kwa dharau, "Mama, serikali haiuzi sumu feki." Yuko mahabusu Bunda, hii ni wiki ya tatu, na mtoto wake wa kunyonya yumo humo humo.

Sasa Alhamisi nikapita Bweri kumjulia hali Mama, mkeo. Akanipa begi lako la kazini, akasema, "Wewe ndiwe mtoto wake wa kazi, chukua." Yeye hajui kitu, nakuapia. Kwenye mfuko wa ndani nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Mwandiko wako. "Tikisa kabra ya kupurizia." Neno "mbari" ulilikata ukaandika "mbali," ukalikata na hilo, ukalirudisha "mbari." Ulihangaika peke yako, Mzee. Karatasi zako zote uliniletea, hii tu ndiyo hukuniletea.

Kwa nini? Ulipungukiwa na nini ambacho hukuweza kuniambia? Nilikuona kwa macho yangu ukimrudishia yule mwenye mtumbwi sato mmoja, mmoja tu, ukamwambia afisa hali samaki wa mtu anayemkagua. Au hayo nayo yalikuwa maigizo kwa sababu mimi nipo? Mimi kazi hii nimeijua kupitia wewe. Ukiniondolea wewe, sijui nabaki na nini. Nakuuliza kama chizi, na najua hutajibu.

Nilimpelekea bosi. Hata hakuigusa. "Neema, marehemu hahojiwi. Utamkosesha mjane mafao yake bure. Choma." Ijumaa nilikaa jikoni na kiberiti. Niliwasha, Mzee. Njiti ikaungua mpaka ikanichoma kidole, karatasi iko mkono wa pili, nikashindwa. Nikimwokoa Mama, Nyangeta anaozea ndani kwa kosa lako, na mimi ndiye niliyemfungia. Nikimtoa Nyangeta, Mama anabaki hana mafao, na kila atakapopita watu watanong'ona. Nimeitafuta njia ya tatu siku mbili nzima, haipo. Ndiyo maana sikuingia kanisani. Ningemwambia nini Mungu, anifiche?

Kesho kesi inatajwa Bunda. Asubuhi nitaanzia Bweri, nimwambie Mama kwa mdomo wangu, asije kulisikia sokoni. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa. Nitasimama hapo nje kidogo, kisha nitapanda gari la Bunda na karatasi yako.

Pumzika kama unaweza, Mzee wangu. Kukupenda sijaacha, na hilo ndilo linaloniua. Nakuahidi kitu kimoja tu. Hakimu akiniuliza aliyeandika ni nani, nitakutaja majina yako yote matatu, na sitalia mpaka nimemaliza.

Neema