Skrini Iliyoganda Mawinguni

Jumanne, Umoja

Kinachoniuma ni lile neno "tunajua."

Dadangu Mwende ni rubani wa ndege ndogo. Alinifundisha kwamba mawinguni macho hudanganya, ila skrini ya vipimo iliyo mbele ya rubani haidanganyi. Leo skrini iliganda: ilionyesha kimo kilekile, kumbe anashuka. Aliokolewa na kile kipimo cha zamani cha mshale kilicho pembeni.

Alipomwambia bosi, akajibiwa, "Tunajua, ni programu. Izime tu, uiwashe."

Walijua, na bado wakamwacha aruke!

"Kesho utairusha?" nikamuuliza.

"Nikikataa, Ndanu, hawataniita tena kazini."

Nikalia mpaka ugali ukapoa.

Sasa namsikia jikoni akiongea na bosi kwa simu: "Itengenezeni kwanza. Siji." Sauti inamtetemeka, lakini amesema.