Managu ya Machimboni

Jumanne, Julai 8, 1986

Nimekula, basi. Bado ninajiuliza kama nimefanya vizuri.

Mama Jeptoo alikuja shuleni saa ya chakula na ugali na sufuria ya managu, ile mboga ya mnavu. Nikajua kabla hajasema: ameyachuma yalikojiotea, kule kwenye machimbo ya zamani ya murram, changarawe ya barabara, pale watu wa barabara walipokuwa wakimwaga oili chafu. Samadi yote ya kuponya udongo huo tumeitoa kwa Mama Jeptoo. Misimu mitatu mimi na wanafunzi tunaigeuza humo pamoja na mabua ya mahindi na maganda ya miti ya muwati, mpaka nyungunyungu wamerudi. Nami nikatangazia watu kwamba udongo umepona.

Sikusema mboga za pale ziliwe. Udongo niliotuma ukapimwe mwezi wa tatu, majibu bado.

"Kula, Mwalimu, kabla ipoe."

Ningekataa namna gani? Nimwambie samadi ya ng'ombe wake ilienda bure? Nikala, nikamaliza. Ilikuwa tamu, na harufu ya oili sikusikia hata kidogo.

Ndipo nikaona yeye hajagusa. Nikamwuliza mbona hali.

Akafunika sufuria, akacheka kidogo. "Mimi niko na watoto sita, Mwalimu. Kesho asubuhi nitapita nikuone. Ukiwa mzima, nitapanda kule."

Sikukasirika. Tena nitakuwa mzima, najua. Oili haiui mtu kwa usiku mmoja; huua polepole. Hilo ndilo lazima nimwambie kesho, kabla hajashika jembe.