Jozi Mbili na Mtamba Wangu

Aikande, acha unachofanya usome. Mume wangu Sairowua amecheza poka akamweka mtamba wangu dau. Mtamba WANGU, yule niliyepewa na baba siku ya harusi!

Nimejuaje? Lekoko wa Ganako amefika asubuhi hii na kamba mkononi. "Mama Kaika, nimekuja kumchukua mtamba. Mzee amemweka mwenyewe."

Mume wangu kafundishwa mchezo na wageni wake wa safari, siku mbili tu kambini, sasa anajiona bingwa. Alishika jozi mbili: karata mbili za tatu na mbili za tano. Lekoko alikuwa na karata tatu za tisa.

Unajua amejiteteaje? "Mimi nilikuwa na karata nne, yeye tatu. Nne si nyingi?"

Karata nne, Aikande! Anazihesabu kama mbuzi wanaotoka zizini. Mimi na wewe tulijua bwenini, siku ya kwanza, kwamba tatu zinazofanana zinashinda jozi mbili.

Nikamgeukia Lekoko. "Na wewe, Mmasai mzima, ng'ombe wa nyumba ya mke anatolewa bila mke kuulizwa?"

Akaangalia chini. Alijua tangu mwanzo, mjinga yule.

"Sasa niondoke mikono mitupu, mama?"

Nikamwambia hapana, chukua kilicho cha mzee mwenyewe. Ameondoka na buti za kazi za mume wangu. Wageni wanamsubiri getini saa nne, na yeye yuko uvunguni anatafuta kandambili.