Mgomba wa Kumzika Othieno

Busia, Jumanne. Mvua haijakatika tangu alfajiri. Nimechoka, nguo zimelowa, na nina hasira.

Naandika nikiwa kwa shangazi, upande wa Kenya, na daftari litabaki hukuhuku. Kwetu Uganda, tangu wanajeshi washike nchi, hata kuuliza swali la sheria ni kujitafutia balaa. Nami nimeuliza, tena mengi, tangu mume wangu Othieno aende kazini kwenye kiwanda cha pamba asirudi.

Polisi niliwauliza kama amekamatwa. Wakasema hayumo mahabusu, kwa hiyo hajakamatwa. Nikauliza basi nani anamtafuta mtu aliyepotea. Afisa akanitazama, akaniambia niende nyumbani kabla sijapotea na mimi.

Kiwandani wakasema asiyeonekana kazini bila ruhusa amejiachisha kazi mwenyewe, kwa hiyo nihame nyumba yao. Nikahamia kwa wakwe, Nagongera. Karani wa mahakama nikamuuliza kama mimi sasa ni mjane. Akasema bado, sheria inasubiri miaka saba. Miaka saba! Na watoto wale nini, hiyo sheria?

Ukoo nao haukusubiri hata mavuno. Kwao Othieno ni marehemu, na maiti isipopatikana huzikwa mgomba badala yake, roho isije ikahangaisha watoto. Anayeharakisha kuliko wote ni shemeji yangu Obbo. Najua kwa nini. Kaburi likishafukiwa mimi ni mjane, na mjane wa kaka hurithiwa na ndugu, pamoja na shamba.

Hebu fikiria. Mtu ni yuleyule mmoja: kwa polisi yuko huru, kiwandani mtoro, mahakamani hai, kwa ndugu zake maiti.

Mwezi uliopita Obbo alileta mgomba, akaulaza uani. Nikachukua panga, nikaukatakata, nikawapa mbuzi. Wazee wakaniita kichaa. Mama mkwe peke yake alisimama nami. Alisema mwanawe hazikwi maadamu mkewe bado anamngoja.

Jana sasa, mama mmoja wa magendo anayevusha sukari akaniletea habari kwamba shangazi anaumwa sana. Leo asubuhi nimepita njia za nyuma ya forodha, matope hadi magotini. Shangazi nimemkuta mzima, anakoroga uji. Na pembeni yake, anamenya muhogo, ameketi Othieno.

Nililia. Halafu nikataka kumpiga.

Kumbe aliwaona wanajeshi wakimpakia mtunza ghala garini, akasikia na jina lake likitajwa, akakimbilia mpakani. Hakutuma neno kwa kuogopa litafika kwa wasiotakiwa. Nikamwambia kwamba hata nyumbani wamekuja watu wasio na sare, wakauliza kama mkewe anapata habari zake. Nikamsimulia na ule mgomba, nikitegemea walau ahsante.

Hakucheka hata kidogo.

"Waache wanizike," akasema. "Mtu aliyezikwa hatafutwi."

Yaani nimegombana na ukoo mzima nikitetea uhai wake, naye ananiomba kaburi! Tumebishana mpaka shangazi akafunga dirisha. Lakini anasema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kila nilipokataa msiba nilikuwa nawatangazia wanaomtafuta kwamba yuko hai. Nilikuwa namchongea mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Basi tumekubaliana. Mgomba uzikwe, nikae matanga, kisha kabla Obbo hajaja kudai urithi wake nivuke na watoto mmoja mmoja. Sijui mke wa mtu aliyezikwa akiishi na mumewe anakuwa na kosa gani. Hilo yule karani simuulizi.

Obbo simwogopi. Nitamwambia alete mgomba mwingine, tena mrefu kidogo kama kaka yake, na atafurahi mwenyewe.

Ninayemwogopa ni mama mkwe. Othieno amekataa katakata asiambiwe. Mama yake hajui kulia uongo, na wale wasio na sare watakuja matangani kutazama nani analia na nani anajifanya. Kwa hiyo lazima alie kweli, na wa kumliza ni mimi. Kila asubuhi, kabla hata hatujawasha moto, huniuliza kama bado namngoja mwanawe.

Usiku huu narudi Nagongera, na kesho ataniuliza tena. Nami nitamjibu kwamba nimeacha.