Herufi Tatu za Dido

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Umeme upo tangu asubuhi. Ajabu. Dukani kwangu nimebandika picha kwenye fulana za matanga ya bibi mmoja wa avenyu ya nyuma mpaka mgongo umekufa ganzi. Picha ya bibi kifuani, chini yake R.I.P. kwa rangi ya dhahabu. Wajukuu walitaka dhahabu. Anayechagua rangi ni aliye hai, marehemu hana neno.

Saa kumi darasani, Kiingereza. Nataka siku moja niende Kampala mwenyewe kununua fulana, nijue kubishana bei. Mwalimu wetu ni mzee Bosco, lakini anataka tumwite Teacher, basi tunamwita. Ameanza kutufundisha Kilatini kilichomo ndani ya Kiingereza. a.m., p.m., etc., P.S., N.B. Mimi nilidhani hicho ndicho Kiingereza chenyewe. Kumbe Waingereza wamevaa koti la babu wa watu na wanatembea nalo kwa maringo. Na R.I.P. yangu nayo imo. Miaka yote hii nabandika Kilatini bila kujua.

Teacher anasema ni lugha iliyokufa. Hakuna mtoto anayezaliwa nayo. Ila iko kwenye saa, iko mahakamani, iko vifuani mwa watu. Imekufa na hakuna aliyeifanyia matanga. Ndiyo maana inazurura. Wazo hili limeniganda kichwani. Silipendi.

Nyumbani Mama ameweka tena sahani ya Dido.

Dido ni mdogo wangu. Mwezi uliopita alipanda baleinière, zile boti ndefu za mbao, na magodoro yake ya kwenda kuuza. Ikapinduka huko mto chini. Wengine waliogelea, wengine waliokotwa. Dido hakuonekana, si mzima, si maiti. Tangu hapo Mama hali kabla Dido hajala. Anaonja chumvi tu. Sahani inapoa, anaipeleka kwa jirani.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Tonton Albert amevuka mto kwa pirogi kutoka Lubunga. Ndugu wa marehemu baba, mkubwa wa familia. Alifanya kazi reli, na mpaka leo anataka kila jambo lifike kwa saa yake. Amekuja na uamuzi: Jumamosi ya wiki ijayo tunazika mgomba.

Kwetu mtu akimezwa na mto asipatikane, unakatwa mgomba wa kimo chake. Unavishwa nguo, unalazwa kwenye sanduku, unazikwa kama ni yeye. Watu wanalia, wanakula, yanakwisha. Asipofanyiwa hivyo hana pa kukaa. Na waliobaki wanakosa pa kukaa vilevile.

“Bon. Mutoto iko mu mayi,” alisema. “Weye njo utatengeneza tricot yake ya kumuvalisha. Na ya sisi wote. Uandike R.I.P.”

Nikamwambia, fulana ya nini, mtu hajapatikana.

“Njo maana.”

Nilikasirika. Sikumpa hata maji ya kunywa. Baadaye niliona aibu. Kidogo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Somo la maneno ya mahakamani. Nimeyala yote kama mwenye njaa.

Alibi. Maana yake mahali pengine, basi. Mtu anasema sikuwa pale, nilikuwa pengine. Nikafurahi moyoni kama mjinga. Dido ana alibi. Wakati boti inapinduka yeye alikuwa pengine. Alishuka kwenye kijiji fulani, kuna msichana, simu imeloa, ataingia mlangoni na kicheko chake.

Halafu habeas corpus. Uwe na mwili. Askari wakimshika mtu wanaambiwa: mlete hapa tumwone, mwili wake, tusiletewe maneno. Nimeyaandika kwa herufi kubwa. Tonton atanisikia.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kikao baada ya misa. Uani, viti vya kuazima, Tonton katikati. Nilisema yangu. Nilisema hata kwa Waingereza huwezi kumhukumu mtu bila kuleta mwili wake, na neno lenyewe nikalitaja. Binamu mmoja alicheka. Tonton hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

“Mayi haijuaka sheria,” alisema. Polepole. “Angalia mama yako. Mukono yake iko mufupa tu. Weye unamungojea Dido, sawa. Yeye hangojei. Yeye anamufuata.”

Nikamtazama Mama. Kweli sikuwa nimemtazama. Namwona kila siku, simtazami. Kitenge kinamzunguka mara mbili. Pete ameivua akaiweka kwenye kikombe kwa sababu inaanguka.

Nikamwuliza, Mama, unasema nini? Alikuwa anachambua pondu ya Dido, majani ya muhogo, moja moja.

Namchukia Tonton kwa kunifanya nimtazame.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nimeanza. Desturi ni kuanza na ya marehemu, halafu za wengine. Nilichagua picha aliyopigwa Krismasi, shati wazi, anamcheka mpiga picha. Picha imekaa vizuri. Zikabaki herufi tatu.

Nilikata herufi kwenye plastiki nyeupe, nikazipanga chini ya kidevu chake, nikashusha presi, ile pasi kubwa ya umeme. Ilipolia nikainua.

Hazikushika. Zilikuwa juu ya kitambaa kama makombo juu ya meza. Nilipoinua fulana zikaanguka.

Nikaongeza joto. Zikaanguka. Nikabadilisha plastiki. Zikaanguka. Nikachukua fulana ya mteja mwingine, ya baba wa watu, herufi kutoka karatasi ileile, joto lilelile. Zikashika mpaka kucha yangu ikavunjika nikizichokoa.

Nikarudi kwa Dido. Zikaanguka.

Nitasema fulana ni mbovu. Nitasema hivyo.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Fulana si mbovu. Nimechukua nyingine, mpya, kutoka mfuko mwingine.

Nilipoinua presi ilikuwa baridi. Si presi. Presi ilikuwa ya moto wa kuunguza, nimeigusa na kidole kina lengelenge. Fulana ndiyo baridi. Na nzito. Nikaishika mabegani kuikunjua, maji yakanitiririka mpaka kwenye viwiko.

Maji ya rangi ya chai. Yananuka mto.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Nje watu wanapita, toleka, zile baiskeli za abiria, zinapiga kengele, mama wa mikate anaita wateja. Jua kali. Na mimi nina mto mapajani.

Hofu ilikuwepo, sitadanganya. Lakini chini ya hofu kulikuwa na furaha. Nimeiona na nimeitambua. Anakataa. Dido anakataa! Asiyekufa hawezi kuandikwa amekufa.

Ile fulana ya kwanza nimeitundika kwenye msumari karibu na dirisha. Nayo imeloa sasa. Jana niliiacha kavu.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Haikauki. Jua linaipiga tangu asubuhi na ncha yake bado inadondosha. Nimeweka ndoo chini.

Sikumwambia mtu. Ila nilienda kwa Teacher kabla ya somo, nikamwuliza zile herufi zinasema nini hasa. Nilitaka aniambie zinasema amekufa. Nilitaka kuwa sahihi.

“Ah non, mwana yangu. Haiko habari. Iko ombi. Mutu anaomba: apumuzike na amani.” Akavua miwani, akaipangusa na tai. “Watu wanaiandika kama adresi. Wanasahau iko maneno ya kuomba. Unaweza kuomba na midomo imefungwa?”

Nilitoka kabla ya somo kuanza. Nimekasirika naye pia. Wiki hii nawakasirikia wote.

Apumzike. Dido! Mtu asiyejua kukaa kwenye kiti. Alikuwa anakula amesimama, sahani mkononi, mguu mmoja mlangoni. Nikimwambia pumzika kidogo ananijibu, “Ya Bea, mkubwa wangu, nani atawalisha?” Alikuwa na homa siku aliyosafiri. Nilimwambia asiende. Alisema mama anahitaji paa jipya kabla ya mvua kubwa.

Sasa nafikiri jambo ambalo sitaki kulifikiri. Labda hakatai. Labda hakuna aliyemruhusu kupumzika.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Mama ameanguka kwenye bomba la maji. Majirani wamemleta, ndoo tupu mkononi, hakuiachia. Nimemlaza. Uji nimemshikia mdomoni, amegeuza uso. Akasema neno moja tu, kwa sauti ya mtoto: “Yeye hajakula.”

Nimefika dukani mchana jua likiwa utosini. Nikafunga mlango. Nikawasha presi. Nikatandika fulana mpya, picha yake, herufi tatu chini ya kidevu.

Kisha nikamwambia. Kwa sauti. Nilijisikia mpumbavu, halafu sikujisikia chochote ila maneno. Nikasema: Dido. Umefanya kazi. Yatosha. Mama nitamlisha mimi, na paa nitaliezeka mimi. Usisimame mlangoni. Kaa chini, mdogo wangu. Pumzika.

Neno la mwisho nikalirudia ili alisikie vizuri.

Nikashusha presi.

Ilipolia sikutaka kuinua. Nikajua, nikiinua na zimeanguka, bado nina ndugu. Nikainua.

Fulana ilikuwa ya moto. Kavu. Nikachokoa R kwa kucha. Nikachokoa P. Nikavuta kitambaa huku na huku. Zimeshika.

Nimelia mpaka nikatapika. Halafu nikabandika za wengine wote, moja baada ya nyingine, hakuna iliyosumbua. Hii ndiyo siku niliyomwua mdogo wangu. Au ndiyo siku niliyomtua mzigo. Leo sijui kutofautisha.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Tumemzika.

Makuti ya msiba yamelazwa njia panda tangu alfajiri, wenye pikipiki wanashuka na kusukuma. Tonton alikata mgomba mwenyewe, akapima kwa kichwa chake na kuongeza kidogo, maana Dido alimpita. Mimi niliuvisha. Ulikuwa unatoa maji ubavuni, migomba ndivyo ilivyo, lakini fulana haikuloa. Nililitazama hilo peke yangu. Tonton alinitazama nikitazama. Akanishika kisogo kama nilipokuwa mdogo.

Mama alitembea mpaka kaburini kwa miguu yake. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama kitu kilichokwama kimetoka. Wanawake walimshika. Aliporudi akaketi kwenye mkeka, akaomba maji ya kunawa.

Akala. Lituma, ndizi za kuponda, na samaki, kwa mkono wake. Wote tulijidai tunazungumza. Tonton aligeukia ukuta na kutoa kitambaa, mzee wa reli.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Hakuna simu kutoka mto chini. Hakuna mtu aliyekuja na habari. Nimeacha kuisubiri, au naisubiri kwa namna nyingine.

Asubuhi Mama alipika. Aliteremsha sahani mbili. Mkono ukaenda kwa ya tatu, ukakaa juu yake kidogo, ukarudi.

Umeme umekatika saa sita. Nikaenda darasani mapema. Zoezi lilikuwa kuandika sentensi yenye etc. Teacher anasema maana yake ni “na vilivyobaki”. Niliandika kwamba nyumbani tuko Mama, mimi, kuku wawili, etc. Akasema ni sawa, lakini nimesahau nukta.

Nilipita dukani kufunga. Ile fulana ya kwanza, isiyo na herufi, bado imening'inia kwenye msumari. Ndoo chini yake haina kitu. Nimeishika begani, halafu ncha, halafu mshono wa kwapa ambako maji hukawia.

Imekauka.

Nimeikunja. Nitailalia.