Joto la Siku ya Tatu

Jumanne, 4 Juni
Siku ya pili. Nimegeuza mayai kwenye mashine ya kuangulia asubuhi, mchana, jioni. Nyuzi 37.5. Yako kumi na mawili, niliyakusanya kabla ugonjwa wa kideri haujamaliza kuku wote alioniachia marehemu mama. Yakiharibika, mbegu ile imekwisha.

Jumatano, 5 Juni
Mama mkwe ameleta wageni. Akafungua mashine. "Njooni mwone tetea wa mkwe wangu. Hali pumba, hazururi kwa jirani." Wakachungulia kwa zamu. Sikuthubutu kumwambia mama mkwe afunge. Joto likashuka hadi 31. Walipoondoka nikapandisha utambi wa taa inayoipasha mashine, nikaenda kisimani. Kurudi, 41. Hilo ni kosa langu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemuuliza mwalimu wa baiolojia. Heri nisingeuliza. Anasema mwanzoni seli zote ni sawa, hakuna iliyopangiwa kazi. Kisha zinapelekeana ujumbe wa kemikali, seli kwa jirani yake. Iliyopokea mwingi inakuwa kitu hiki, iliyopokea kidogo kitu kile. Moyo, ubongo, macho vinaanza siku hizi za kwanza. Joto likizidi ujumbe unavurugika.
"Sasa dada, moto umeuzidisha siku ya ngapi?"
Ya tatu.


Jumatatu, 10 Juni
Nimemulika mayai kwa tochi ya simu, dirisha nimeziba. Saba yana mishipa. Manne hayana kitu. Moja lina duara la damu, limekufa. Mishipa haisemi kama macho yapo.
Nimemchukia mama mkwe kutwa nzima. Kisha nikajichukia.

Jumatano, 12 Juni
Ameuliza kwa nini simsemeshi. Nimemwambia yote: yeye alifungua, mimi nikazidisha moto. Ameendelea kuchambua mlenda.

Ijumaa, 21 Juni
Nimeacha kugeuza, siku za kuanguliwa zimekaribia. Maji ya unyevu nimeongeza ndani ya mashine. Sili vizuri. Mama mkwe ameketi mlangoni tangu asubuhi, anarudisha wageni. "Njooni wiki ijayo. Anayejifungua hachunguliwi."

Jumatatu, 24 Juni
Wametoka vifaranga watano. Wawili wamefia ndani. Nimewakagua mmoja mmoja mkononi. Wanne wazima. Wa tano hana jicho la kushoto, ni manyoya tu.
Nilidhani mama mkwe atasema atupwe. Ameuliza kama ni jogoo au tetea. Bado haijulikani.
Akakisogeza kisahani cha maji upande wa kulia wa kifaranga. Amekunywa.